Mama Mkwe Aliinua Mguu, Nikajifanya Sioni

Shangazi, shikamoo. Nakuomba unisome mpaka mwisho kabla ya kunigombeza, maana najua barua za mama mkwe zinazofika mezani kwako huwa zina sumu na machozi, na hii yangu sumu haina hata tone, machozi ninayo, lakini ni ya mtu anayempenda mama mkwe wake mpaka mume anauliza kwa utani mimi nimeolewa na nani hasa humu ndani.

Mimi ni mpiga piano. Napiga jazi kwenye ukumbi wa mapokezi wa hoteli moja, pale wageni wanapokaa na mabegi yao wakisubiri vyumba visafishwe, na siku za kazi nafundisha watoto muziki. Mama mkwe ni fundi wa viti, anavua kitambaa kilichochakaa, anabadili springi, anajaza sponji na kuvalisha upya, na karakana yake iko chini ya nyumba tunamoishi sote, sisi juu, yeye chini. Tulipooana piano yangu ilikwama kwenye ngazi, haikupanda wala haikushuka, wabebaji wakang'oa mlango, wakagombana, wakapatana, na mwisho wake ikabaki karakanani kwake katikati ya makochi yaliyovuliwa nguo, nami nikajua ndoa nimeianza vibaya. Mama akaizunguka, akaifuta vumbi, akasema itakaa hapo hapo ila nisithubutu kuweka glasi ya maji juu yake. Hatukuwahi kuihamisha.

Sasa nikueleze habari ya banjo, maana wengi hawaijui. Ni chombo cha nyuzi chenye shingo ndefu na tumbo la mviringo lililowambwa ngozi, na hiyo ya mama ina nyuzi tano, ule wa tano ni mfupi na unalia juu kabisa, hautulii. Miaka ya nyuma mteja aliileta kwa marehemu baba mkwe, aliyekuwa fundi wa redio na gramafoni, ngozi imechanika, na baba mkwe akampa mkewe kwa kuwa mwenye mkono wa kuwamba vitu ndani ya nyumba ile ni yeye, akaiwamba ikawambika, ila mteja hakurudi kuichukua. Mama hapendi kitu kikae bure. Katika santuri za baba mkwe mlikuwa na za blugrasi, ule muziki wa ng'ambo wa banjo na fidla unaokwenda mbio utadhani umeacha kitu jikoni, basi mama akawa anaweka santuri, anaigusa ukingoni kwa kidole izunguke polepole, asikie kila noti inatokea wapi, huku sofa ya mtu inasubiri. Baba mkwe alilalamika kwamba sindano zinaharibika, kisha akaacha kulalamika, akawa anamletea santuri nyingine.

Siku ya kwanza tulipopiga pamoja hatukupanga. Nilikuwa kwenye mazoezi yangu ya asubuhi, na nyuma ya majora ya vitambaa nikasikia banjo inaingia, kavu, nyepesi, kila noti imenyooka. Shangazi, jazi yangu huwa inachelewa kidogo makusudi, inajivuta, inaegemea nyuma, na blugrasi ya mama inawahi, inasukuma mbele, na mtu yeyote angekuambia vitu hivyo viwili havikai chumba kimoja, lakini vilikaa, na mimi nywele zilinisimama. Nilipomaliza nilisubiri sifa. Akaniambia, "Umepiga vizuri, mwanangu, ila mkono wako wa kushoto unanikanyaga."

Nililibeba neno hilo wiki nzima mpaka nikalielewa. Noti ya banjo inazaliwa na kufa papo hapo, ya piano inakaa, sasa mimi nikijaza chini kote kama nilivyozoea, yeye hana pa kuweka vidole. Nikaanza kupunguza, nikauzuia mkono wa kushoto, kuna mahali nikauweka kabisa mapajani, na hapo nikasikia kitu ambacho sijakisikia kwa mpiga ngoma wala mpiga besi yeyote, nikasikia banjo inaibeba piano yangu mgongoni na haichoki. Yeye naye akaanza kuchelewa pale ninapochelewa, si sana, kidogo tu, kwa heshima. Tangu hapo kila nilichokijua kuhusu jazi nimekijua upya kwa sababu ya mama yule.

Mpiga besi wa hotelini alipougua, nikamwomba mama anisaidie Jumamosi moja tu. Meneja alimwona kaja na koti la kazi, nyuzi za cherehani mabegani, anavaa kucha zake za kupigia banjo, za bati vidoleni na ile ya plastiki kwenye dole gumba, akanivuta pembeni akaniuliza kama nina akili timamu. Baada ya wimbo wa kwanza alinivuta pembeni tena akaniuliza kama mama anaweza kuja kila Jumamosi alasiri. Ungetuona, Shangazi. Hatuna wimbo tunaoukariri mwanzo mpaka mwisho, tunakubaliana tu tunaanza na nini, halafu yeye ananirushia kipande, mimi nakipindua, namrudishia, anakitazama, anakirudisha kimekuwa kitu kingine kabisa, na akifurahi anacheka kwa mabega bila sauti. Wapishi wanatoka jikoni na aproni zao. Dada wa mapokezi anaacha simu iite. Mgeni mmoja alisimama na sanduku mkononi mpaka teksi ikamwacha, akasema haidhuru.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Jukwaani hatusemezani. Kwenye jazi mtu akimaliza zamu yake anakutazama, nawe unaingia. Wapiga blugrasi wana desturi yao, anayetaka wimbo uishe anainua mguu kidogo mbele yake, wenzake wakiuona wanajua huu ndio mzunguko wa mwisho, mnafunga kwa pamoja na hadhira inadhani mmefanya mazoezi mwezi mzima. Mama alinifundisha hilo mapema, akasema, "Mguu ukiinuka, hakuna mjadala." Na kweli hatukuwahi kuwa na mjadala, mpaka Jumamosi ile alipokuja mkurugenzi wa ukumbi mkubwa wa hapa mjini, ule uliokuwa ukikarabatiwa, kutusikiliza ili aone kama tunafaa kwa ufunguzi.

Tulifika wimbo wa mwisho, ule wa mbio, zamu yangu ikaja, na sijui nilipatwa na nini, vidole vilikuwa vinajua njia kabla yangu. Mguu wa mama ukainuka. Sitakudanganya, niliuona, nikajiambia mzunguko mmoja tu, nikazunguka, ukainuka tena, nikatazama funguo za piano kama mtu anayetafuta sarafu, nikazunguka tena, na tena, na mama nyuma yangu anashikilia mwendo ule ule wa kukimbia, mpaka kucha ya dole gumba ikamchomoka ikaingia chini ya piano, akaendelea na kidole kitupu, sauti ikafifia, na mimi nikamaliza peke yangu kwa mbwembwe zote. Watu wakasimama. Mama naye akapiga makofi, kwa kiganja kimoja juu ya goti.

Njiani kurudi akaniambia, "Umepiga vizuri, mwanangu." Nikangoja. Hakuongeza neno. Tangu tujuane hajawahi kunisifu bila kuweka "ila" yake mwishoni, na siku hiyo hakuiweka.

Sasa banjo imetundikwa ukutani juu ya majora, ameishonea mfuko. Nikishuka kufanya mazoezi anakumbuka kwamba uzi umeisha, anatoka kununua. Hanuni, salamu anajibu, chakula tunakula pamoja, ananiuliza habari za wanafunzi wangu, lakini piano nikiifungua hayupo. Mkurugenzi ameshatuma ujumbe anatutaka, ila anasema mama akiwa hawezi, nije peke yangu au atanitafutia mpiga besi, na anataka jibu wiki hii. Mume wangu anasema niende peke yangu nisimkalie mama kooni, kwamba mama amechoka, juzi tu alimwomba amfungulie kopo la gundi, na tangu kabla ya Jumamosi ile alikuwa akiloweka mikono kwenye maji ya moto kila akienda hotelini, na sofa kubwa anampa fundi mwingine, basi tumwache apumzike.

Na aibu yangu kubwa ni hii, kuna upande wangu unataka kwenda peke yangu. Yale makofi nayakumbuka. Nimefikiria kumnunulia kucha mpya na mkoba mzuri wa banjo, nimwekee mezani kimya kimya, aelewe mwenyewe, kwa sababu nikimwomba msamaha kwa mdomo najua atasema hakuna neno, na mtu akishakuambia hakuna neno utasema nini tena? Nisaidie. Niende peke yangu, nimbembeleze, au nimwache na hasira zake? Naogopa nimeshampoteza.

Mimi, Mpiga Piano wa Karakanani.

*

Mpiga Piano wa Karakanani, marahaba.

Barua za mama mkwe ninazo za kutosha kuwashia jiko, na karibu zote zinataka nimtafutie mama wa watu kasoro. Yako nimewasomea wenzangu hapa ofisini kwa sauti. Mhariri, ambaye hucheka mara moja kwa mwaka, ameuliza hoteli hiyo iko wapi. Nimemnyima.

Nianze na sifa, maana mnastahili. Wewe unadhani watu wanaacha sufuria jikoni kwa sababu mnapiga haraka. Wapo wengi wanaopiga haraka, na watu huendelea kula. Hao wapishi wanatoka kwa kuwa wanasikia mtu mwenye chombo kikubwa akimpisha mwenye chombo kidogo, na mwenye chombo kidogo akimpisha naye, na hakuna aliyeambiwa afanye hivyo. Huo mkono wa kushoto uliouweka mapajani ndio uliowaleta. Mimi sijui jazi, na banjo nimeisikia redioni tu, lakini ningekaa hapo na kikombe changu mpaka mnifukuze.

Sasa kaa vizuri nikuseme.

Uliuona mguu. Umekiri mwenyewe, kwa hiyo sitakuchimba, ila tuliite jambo kwa jina lake. Usiniambie vidole vilijua njia. Vidole havina macho, wewe unayo, na uliyashusha kwenye funguo kwa makusudi kwa sababu pale mbele alikaa mtu mwenye ukumbi. Ulitaka akuone wewe. Ni tamaa, na kila anayepanda jukwaani anaijua, haikufanyi kuwa mtu mbaya. Inakufanya mtu mwenye deni la kusema samahani, na hilo tutalifikia.

Lakini kuna kubwa kuliko hilo, na limenitoa usingizini. Tazama ulivyoandika. Kopo la gundi haliwezi. Mikono anailoweka kwenye maji ya moto. Sofa kubwa anampa fundi mwingine, yeye ambaye hapendi kitu kikae bure. Kucha inamchomoka kwenye dole gumba katikati ya wimbo. Yote hayo umeyaandika wewe, kwa mwandiko wako mzuri, kisha ukahitimisha kwamba mama ana hasira. Nimeisoma barua yako mara ya pili nikitafuta mahali ulipomuuliza mkono wake una nini. Nimekosa.

Mwanangu, wewe unasikia noti ya banjo inapozaliwa na inapokufa, halafu mwenye banjo anaumwa chini ya ngazi zako na hujasikia? Umeshika habari ya hasira kwa sababu hasira inakuhusu wewe. Ungekuwa wewe ndiye unayeumwa, ungeinua nini mbele ya watu, kama si mguu? Hakuwa anakunyima zamu yako. Nadhani alikuwa anakuomba mshuke pamoja kabla mkono haujamwaibisha, mbele ya mkurugenzi yule yule, na ukamwacha ashuke peke yake. Nasema nadhani. Sipo hapo, na mimi si mganga wa kutazama viganja kwa mbali. Lakini mtu mwenye hasira hatundiki chombo chake mahali unapokiona kila siku, na hakishonei mfuko kisipate vumbi. Huyo anakihurumia. Na hizo safari za uzi ni za mtu asiyetaka umwone akijaribu na kushindwa.

Mumeo msalimie. Mwambie mtoto aliyeona mama yake hawezi kufungua kopo, akaamua kwamba dawa yake ni kuachwa apumzike, anahitaji barua yake peke yake, na nina nafasi wiki ijayo. Kupumzika huamuliwa na mwenye uchovu. Huyu mama hajasema amechoka, mmesema ninyi, juu ya kichwa chake, huku yeye yuko chini anashona.

Na hizo kucha mpya usinunue. Ukimwekea mezani kimya kimya atazisoma hivi: rudi kazini. Hakuna mtu anayeumwa dole gumba anayetaka zawadi ya kuvaa kwenye dole gumba.

Utafanya hivi. Kesho asubuhi teremka mapema, kabla hajakumbuka uzi. Piano usiifungue. Kaa kwenye kochi lolote lililo karibu, hata kama springi zinakuchoma, na umwambie: "Mama, niliuona mguu, nikaendelea." Ishie hapo. Usimwelezee habari za vidole wala mkurugenzi wala mapenzi yako kwa muziki. Akisema hakuna neno, mwambie lipo. Kisha muulize mkono unamuuma tangu lini, na unyamaze. Kunyamaza unakujua, umepata makofi ya watu miaka yote kwa kunyamaza mahali panapofaa. Inaweza kuchukua muda. Mwache ashone mshono wake mpaka mwisho, atakujibu.

Baada ya hapo mpeleke hospitali, wiki hii, si baada ya ufunguzi. Mambo mengine ya vidole yana tiba yakiwahiwa, na mengine hayana, ila hata yale yasiyo na tiba yana namna ya kuishi nayo, na daktari ndiye wa kusema, si mwanawe na kopo la gundi.

Mkurugenzi mjibu leo kwamba jibu atalipata mkitoka kwa daktari. Akiwa mtu wa maana atangoja. Asipongoja, ukumbi wake una kuta, utakuwepo hapo hapo mwakani. Mkono ukiruhusu, nendeni wote wawili, na mchague nyimbo za mwendo wa polepole. Nani aliwaambia banjo lazima ikimbie? Mama huyo alijifunza kwa kuizuia santuri kwa kidole, polepole anaijua kuliko mtu yeyote katika mji huo. Pigeni chache, zile za mbio ziacheni nyumbani. Mkono ukikataa kabisa, basi yeye ndiye atakayesema kama uende peke yako. Si mimi, si mumeo, wala si huo upande wako unaokumbuka makofi. Akikutuma, nenda kifua mbele, na kiti cha mstari wa kwanza kiwe chake.

Unaniuliza kama umeshampoteza. Sidhani. Unaweza kumpoteza, lakini itakuwa kwa kuendelea kukisia ukiwa ghorofani wakati yeye yuko ngazi chache chini yako. Siku ya hospitali mkoba wake ubebe wewe. Atakuambia si mzito. Ubebe hivyo hivyo.